Kilomita Kumi na Tisa kwa Lita

Jalada lilikuwa jembamba kuliko kitabu cha darasa la kwanza, na Mkuu wa kituo alitaka Sajini alitie sahihi kabla chai yake haijapoa.

"Sahihi tu," alisema akilisukuma mezani. "Aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa. Kila kitu kimo humo. Kesho asubuhi linaenda kwa mwendesha mashtaka."

Sajini alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, aliyerudi kutoka likizo asubuhi ileile. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma. Mkuu wa kituo akaguna. Hakutegemea kwamba angesoma.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Siku kumi na mbili zilizopita gari dogo la michezo, la viti viwili, lisilo na paa, la aina ile inayouzwa vipandevipande na mnunuzi akajiundia mwenyewe nyumbani, lilikuwa likipanda mlima kwenye barabara kuu. Injini ilikwama ghafla. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, gari likazunguka mara mbili na kuingia ubavuni mwa lori lililokuwa limeegeshwa. Dereva, fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari, alikufa palepale. Siku tatu baadaye, makaburini, watu wakiwa bado hawajatawanyika, polisi walimkamata mdogo wake wa tumbo moja, mwanamke fundi wa mashine ya kereza, aliyeliunda gari lile pamoja na marehemu kwa miezi kumi na minne. Kosa: kusababisha kifo kwa uzembe. Ilidaiwa kwamba alichokonoa kabureta ili gari lipunguze kunywa mafuta, injini ikakosa petroli ya kutosha, ikapata moto kupita kiasi na pistoni ikatoboka.

Ushahidi wote ulikuwa ripoti moja ya kitaalamu, kurasa mbili, yenye muhuri wa bluu.

"Afande," Sajini aliuliza, "ripoti hii imeandikwa na nani?"

"Wataalamu."

"Huu ni muhuri wa kampuni iliyowauzia gari."

"Sasa nani analijua gari lile kuliko wao?"

Sajini akavua miwani. "Gari la watu hawa limemuua mtu, na sisi tukaenda kuwauliza wao nani mwenye makosa. Tumempa mshukiwa kalamu aandike jina la mwenzake."

"Chunga ulimi wako, Sajini."

"Nauchunga, afande. Nisingeuchunga ungesikia mengine."

Mkuu wa kituo alichukua kikombe chake. "Una leo tu. Kesho saa mbili jalada linaondoka, umesaini hujasaini."

Fundi kereza aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na gauni lilelile alilovaa siku ya mazishi. Alikuwa na mikono mipana, na kovu jeupe la chuma cha moto kwenye kidole gumba. Hakusubiri kuulizwa.

"Kama umekuja na swali lilelile, jibu nililokwisha kutoa ndilo hilo."

"Sijui wenzangu walikuuliza nini."

"Waliniuliza kwa nini nilifungua kabureta. Nikasema sikuifungua. Wakaniuliza tena, kwa nini uliifungua? Hilo ni swali au ni wimbo?"

"Kwenye sanduku lako la vifaa wamekuta boksi la jeti za kabureta."

"Ndiyo, ni langu. Mimi ni fundi. Wakinikuta na nyundo watasema nimebomoa nyumba?"

"Nieleze jeti ni nini. Mimi si fundi."

Yule dada alishusha pumzi. Alionyesha ncha ya kidole chake. "Ni kijishaba kidogo kama shanga, kina tundu katikati. Petroli yote inayokwenda kwenye injini inapita hapo. Namba ikiwa kubwa, tundu kubwa, petroli nyingi. Namba ikiwa ndogo, petroli kidogo. Ukipunguza kidogo sana, gari linakwenda mbali kwa lita moja, lakini moto ndani ya injini unakuwa mkali. Ukilipandisha mlima, pistoni inayeyuka. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki mbili. Nilinunua boksi lile tujaribu namba moja juu, namba moja chini. Kaka akasema tusiguse chochote mpaka dhamana ya kampuni iishe. Hatukugusa."

"Kwa nini mlitaka kujaribu?"

"Kwa sababu walitudanganya!" Sauti yake iligonga kuta. Askari wa mlangoni akachungulia. "Kwenye tangazo lao gari lina injini ndogo, ya lita moja na robo, aluminiamu tupu, mimi na mtu mwingine mmoja tunaibeba kama mtungi. Gari zima halifiki kilo mia sita, halihitaji zaidi ya hiyo. Hiyo ndiyo inayokwenda kilomita kumi na tisa kwa lita. Tulipokwenda kuichukua wakasema zimekwisha. Chukueni hii ya lita mbili, matumizi ni yaleyale, si gari ni jepesi? Chuma kizito, kimetolewa kwenye magari ya mizigo yaliyochoka. Nikamwambia kaka, wepesi wa gari unasaidia lakini haufanyi miujiza. Injini kubwa inakunywa hata ikiwa imesimama kwenye foleni. Na uzito ule wote unakaa mbele. Akaniambia, mdogo wangu, nimesubiri mwaka mzima, tuchukue."

"Ikawa ngapi?"

"Kumi na mbili kwa lita. Kaka alikuwa mtu wa maabara, anapima mpaka maji ya kunywa. Aliandika kila tone kwenye daftari. Nimewaambia askari mtafuteni daftari kwenye mfuko wa mlango wa gari. Wananiambia hakuna daftari."

"Na wewe ulilishika gari mara ya mwisho lini?"

"Nilikuwa kwenye kiwanda cha saruji, matengenezo ya mwaka. Siku ishirini na sita, nikilala hukohuko. Nilirudi kwa simu ya msiba. Nilisema hilo pia. Wakanijibu kabureta inaweza kuharibiwa hata mwezi mmoja kabla." Alivuta pindo la gauni lake. "Unajua mama yangu hajaja hapa hata siku moja? Askari wenu walikwenda nyumbani na hiyo ripoti, wakamsomea. Mtoto wako mmoja amemuua mwenzake. Walimwambia hivyohivyo, na matanga hayajaisha."

Sajini alifunga kitabu chake cha maelezo.

Daftari lilikuwepo. Lilikuwa kwenye stoo ya vielelezo, ndani ya mfuko wa plastiki, limeandikwa kwenye orodha kama "daftari la shule, moja". Hakuna aliyelifungua, damu ilikuwa imegandisha kurasa za mwisho.

Sajini alilisoma akiwa amesimama, dirishani. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka. Tarehe, kilomita, lita, jibu. Kumi na mbili. Kumi na moja nukta nane. Kumi na mbili nukta moja. Miezi minne mizima haikupanda wala kushuka, na wakati huo dada yake alikuwa nyumbani, na boksi la jeti liko sandukuni.

Kisha: *Gari nimelipeleka kampuni, km 3,412. Nimewaambia wasiponirekebishia nakwenda ofisi ya viwango.*

Siku tatu chini yake: *Limerudi, km 3,431. Bure.*

Tangi lilipojazwa tena: kumi na tano nukta sita. Pembeni ameandika: *Hatimaye!*

Na lilipojazwa mara ya pili: kumi na tano nukta tano. *Linavuta kwa shida mlimani. Mshale wa joto umepanda. Nimewapigia, wanasema injini inazoea.*

Mstari wa mwisho, siku moja kabla ya ajali: *Nimewapigia tena. Hawapokei. Namngoja mdogo wangu arudi alitazame.*

Sajini alisoma mstari huo mara mbili. Halafu akatoka kwenda uani kwa hatua ndefu, boksi la jeti kwapani.

Gari lilikuwa limewekwa nyuma ya gereji ya polisi, limekunjika ubavu, bado zuri kwa mbele. Fundi wa gereji, mtu mnene mwenye ovaroli ya kijani, ndiye aliyefungua kichwa cha injini siku ya kwanza na kuona tundu kwenye pistoni.

"Kabureta uliifungua?" Sajini alimuuliza.

"Hapana. Sikuambiwa."

"Watu wa kampuni walipokuja kukagua, waliifungua?"

"Walizunguka gari, wakapiga picha, wakaondoka. Hata robo saa hawakumaliza."

Sajini akafungua ripoti. "Ukurasa wa pili. 'Jeti kuu imepunguzwa kwa makusudi.' Waliijuaje jeti kuu kama kabureta hawakuifungua?"

Fundi wa gereji akageukia meza ya vifaa. Alichukua bisibisi.

Kabureta ilifunguliwa mbele ya mashahidi wawili, picha zikapigwa kila hatua. Jeti ilitoka nzima, ikiwa na namba 135 ubavuni.

"Ni ileile ya kiwandani," fundi alisema kwa mshangao. "Haikubadilishwa. Ripoti imekosea."

"Subiri." Sajini alifungua boksi la yule dada. Jeti kumi na mbili, kila moja imefungwa kwenye karatasi yake ya nta, hakuna hata moja iliyopungua wala iliyofunguliwa. Akachomoa ile ya 135. "Tafuta waya mwembamba."

Fundi akang'oa unywele mmoja wa brashi ya chuma. Ulipita kwenye jeti ya boksi bila kugusa. Akang'oa mwingine mnene kidogo, nao ukapita. Akauingiza kwenye jeti ya gari. Ukagoma. Ule wa kwanza nao uliingia kwa kusukumwa.

Alivaa lenzi ya jicho moja, akageukia jua. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Afande, ndani mna kijivu. Shaba haiwi na kijivu. Mtu ameziba tundu kwa risasi ya kulehemu, kisha akatoboa jipya, dogo. Nje ameacha namba ileile."

"Tuseme wewe una boksi lenye jeti ndogo sita mpya. Unataka kuweka ndogo kwenye gari lako. Utafanya hivi?"

"Kwa kazi gani? Si nachukua tu ndogo naiweka?"

"Na hiyo namba ya nje, mwenye gari angemficha nani kwenye gari lake mwenyewe?"

Fundi wa gereji alikuna shingo. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu, "Anayeficha ni yule anayeogopa kwamba mwenye gari ana dada fundi."

Ukumbi wa mbele wa kampuni ulinukia rangi mpya. Gari jekundu lilikuwa limepandishwa jukwaani, boneti wazi, na ndani injini ndogo ya aluminiamu ilikuwa iking'aa kama sufuria ya harusi. Ukutani bango refu: KILOMITA 19 KWA LITA. WEPESI NDIYO NGUVU.

Mkurugenzi alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe lisilojua joto.

"Masikitiko makubwa, afande. Tulimpenda sana marehemu. Lakini ndiyo shida ya watu wanaojiundia. Kila mtu akishashika spana anajiona mhandisi."

"Injini hii ya maonyesho mmeuza ngapi?"

"Kwa sasa zimekwisha. Tunatoa ya lita mbili. Ina nguvu zaidi."

"Nayo inakwenda kumi na tisa?"

"Inategemea dereva."

"Dereva huyu alilalamika?"

"Hata siku moja."

"Gari lake liliwahi kurudi hapa baada ya kuliunda?"

"Gari likitoka hapa kwa sahihi ya mteja, limetoka. Halijawahi kurudi."

Sajini aliandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea, akampa kalamu. Mkurugenzi alisaini kwa mbwembwe, na mkia mrefu chini ya jina.

"Naomba kuiona karakana."

"Karibu sana. Nina simu moja, nakuja."

Karakana ilikuwa safi. Mwishoni, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, alikaa mzee wa karibu miaka sitini mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Wenzake walimwita Mikrometa. Ndani ya kisanduku cha mbao kilichowekwa bitana ya kitambaa chekundu, mbele yake, kilikuwepo kipimo chenye jina hilohilo, kimefutwa hadi kinameremeta.

Sajini alimsalimu, akavuta stuli, akafungua mkono. Jeti ilikuwa katikati ya kiganja, ndani ya kijimfuko chenye lebo.

"Mzee wangu, naomba macho yako. Tumeitoa kwenye kabureta fulani. Mafundi wetu wanasema ni kazi ya ovyo. Tundu limekwenda upande."

Mzee aliitazama bila kuishika. "Wanasema nani?"

"Mafundi. Wanasema aliyelitoboa mkono ulikuwa unatetemeka."

"Mkono unatetemeka?" Mikrometa alishusha miwani puani. Akainua mfuko kwenye taa, akaugeuza, akavuta lenzi. Shingo ilianza kumvimba. "Hao mafundi wenu wamesomea wapi? Liko katikati. Unaona? Unywele wa mtoto hauwezi kupita kati ya kosa na... Hili limetobolewa kwenye mashine, kwa biti ya kutobolea ya pointi tisini na tano ya milimita, na aliyelitoboa alichukua saa nzima kulikatisha katikati. Mkono unatetemeka! Miaka thelathini na minne mkono huu..."

Akakoma. Lenzi ilibaki jichoni.

Sajini alitoa daftari la marehemu. Alilifungua kwenye ukurasa wenye damu, akaliweka juu ya kitambaa cheupe, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

Mzee alisoma. Midomo yake ilitembea na kila neno. *Namngoja mdogo wangu arudi alitazame.* Alivua lenzi, akaiweka kwenye kisanduku, na ikamchukua mara tatu kukifunga.

"Kwenye magazeti walisema dada yake ndiye aliyeichokonoa," alisema.

"Na wewe ulijua si yeye."

"Nilijua."

"Ukaenda kazini, ukarudi nyumbani, ukala, ukalala."

"Nina mke mgonjwa, afande. Ningesema kwa nani?"

"Kwangu, siku tisa zilizopita! Kituo kiko kona ya pili. Mtu yuko mahabusu na gauni la mazishi, mama yake amesusa kumwona, na wewe uko hapa unafuta kipimo!"

Mashine moja iliyokuwa ikizunguka ilizimwa. Mkurugenzi alitokea mlangoni, simu mkononi, tabasamu likiwa limebaki nusu.

"Kuna nini? Afande, mafundi wangu hawahojiwi bila mimi kuwepo."

"Sasa upo. Umesaini kwamba gari halijawahi kurudi. Marehemu ameandika kwamba alilileta likiwa na kilomita elfu tatu mia nne kumi na mbili, akalichukua baada ya siku tatu."

"Marehemu anaweza kuandika lolote. Yuko wapi tumuulize?"

Kauli hiyo ndiyo iliyomwinua mzee. Alisimama, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Mimi nipo, mkurugenzi. Niulize mimi. Nilikuambia injini ile ya mizigo haiwezi kufika kumi na tisa hata ukiifunga kwenye baiskeli. Nilikuambia ukibana petroli kiasi hicho pistoni itatoboka. Ukasema tukibadilisha namba dada yake ataona, ni fundi yule, kwa hiyo ziba, acha namba. Ukasema wateja hawa wanaendesha Jumapili tu, kwenda kula aiskrimu. Ulisema hivyo. Aiskrimu."

"Mzee, fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria mno."

Sajini alimgeukia. "Magari mangapi?"

Mikrometa hakuhitaji daftari. "Kumi na mawili, pamoja na la marehemu. Wote waliolalamika."

Kumi na moja, basi, yalikuwa barabarani.

Sajini hakupiga kelele tena. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya Mkurugenzi. "Kaa. Leta orodha ya simu."

"Hizo ni taarifa za siri za wateja, siwezi..."

"Mtu mmoja amekufa kwa sababu ya siri yako. Sikiliza vizuri. Utapiga, mmoja baada ya mwingine, sauti nje, mimi nikisikia. Utawaambia wasiwashe gari. Ukitaja neno lingine lolote, nakufunga pingu hapa mbele ya wafanyakazi wako. Piga."

Alipiga. Wa kwanza alikuwa mhasibu mstaafu. Gari liko gereji, limefunikwa. Wa pili alitukana kwa dakika nzima, na Sajini akamwacha amalize. Wa tatu, wa nne, wa tano. Mwanamuziki mmoja alisema lake lilikwisha kufa wiki iliyopita, limetoboka pistoni, na kampuni ilikuwa imemwambia kwamba ametumia petroli mbaya. Sajini aliandika hilo na kulipigia mstari. Jasho lilikuwa limeota kwenye shati jeupe.

Wa kumi na moja alikuwa daktari wa meno. Simu ilipokewa na mke wake.

"Ametoka. Ana nusu saa sasa. Amempeleka binti yetu bwenini, shule inafunguliwa."

"Njia gani?" Sajini alinyakua simu. "Mama, amepita njia gani?"

"Ile ya mlimani. Kuna nini? Wewe nani?"

Sajini alikuwa tayari ana redio mdomoni. Gari la michezo, la kijani, viti viwili, baba na binti, wazuieni kabla ya mlima, sababu mtaambiwa. Dakika zilizofuata hakuna aliyeketi isipokuwa Mkurugenzi. Mikrometa alikuwa amegeukia ukuta. Mke wa daktari hakuikata simu. Alisikika akihema upande wa pili.

Redio ilikwaruza. Askari wa kituo cha mizani ya malori, chini ya mlima, alikuwa amelizuia gari. Mshale wa joto ulikuwa umegusa wekundu. Dereva yuko salama, binti yuko salama, na dereva anataka namba ya askari kwa sababu hajavunja sheria yoyote.

"Mpe namba," Sajini alisema. "Mpe na maji ya kunywa."

Kisha akatoa pingu. Mkurugenzi alianza kusema jambo kuhusu wakili wake. Aliendelea kulisema hadi kwenye gari. Mzee alifuata nyuma bila kushikwa, kisanduku cha mbao amekiacha mezani.

Saa kumi na moja jioni Mkuu wa kituo alisimama nyuma ya meza yake, na mbele yake alisimama fundi kereza, mfuko wa plastiki wenye vitu vyake mkononi.

"Uko huru, dada. Pole sana. Unajua sisi tunafanya kazi kwa taarifa tunazopata."

"Mlizipata kwa nani?"

Mkuu wa kituo alitazama dirishani.

"Mlikuja kaburini," yule dada alisema. "Mlinishika mkono nikiwa nimeshika koleo. Mlikwenda kwa mama yangu mkiwa na karatasi yenye muhuri mkamsomea. Sasa mnaniambia pole kwa mdomo. Mimi sitoki hapa na pole ya mdomo. Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba sikumuua kaka yangu. Kwa mkono wako, na muhuri. Mama anaamini karatasi. Ninyi ndio mliomfundisha."

Mkuu wa kituo alimtazama Sajini ili amwokoe. Sajini alikuwa akisafisha miwani yake kwa makini sana. Akavuta karatasi, akaandika mistari minne, akagonga muhuri.

Yule dada aliisoma. Akairudisha mezani, kidole juu ya neno moja.

"Umeandika 'huenda hakuhusika'. Huenda?"

"Ni lugha ya kiofisi tu."

"Mliponikamata hamkuandika huenda."

Mkuu wa kituo alichana karatasi, akachukua nyingine, akaandika upya. Safari hii aliandika polepole, kwa herufi kubwa, na kabla ya kugonga muhuri akamgeuzia aisome kwanza.

Sajini mwenyewe ndiye aliyempeleka nyumbani. Nyumba ilikuwa na geti la bati, viti vya msiba bado vimepangwa uani, vitupu. Mama yao alitoka mlangoni, kanga nyeusi begani, akasimama. Hakusogea mbele wala hakurudi nyuma.

Binti alinyoosha karatasi. Mama aliipokea, akaivuta mbali na macho, akaisoma yote, tangu juu hadi kwenye muhuri. Alipomaliza akaanza tena mwanzo. Kisha akainua macho.

"Na waliofanya?"

"Wako ndani, mama," binti alisema.

"Wote?"

"Wote," Sajini alisema.

Mama alikunja karatasi mara mbili na kuitia kifuani, ndani ya gauni. Aliwatazama wote wawili, akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni, kwenye pindo la gauni lililokuwa bado na udongo mwekundu.

"Walinisomea na mimi nikawasikiliza," alisema. "Mimi, niliyekuzaa." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga, akasogea pembeni ya mlango ili nafasi iwepo. "Mwambie afande aingie akae, amechoka. Wewe kaoge kwanza. Unanuka mahabusu."